Sikukuu Pili kwa Shangazi

Kwa Shangazi, sikukuu mosi ilikuwa ya watu wote, na sikukuu pili ilikuwa yake. Mosi nenda utakako: kasali, kasalimie majirani, peleka watoto kwenye pembea, kula kwenye nyumba za watu mpaka ushindwe kuinuka. Lakini pili, jua likishapanda, ukoo wetu wote ulitakiwa uwe Likoni, ndani ya ukumbi wake, viatu vimeachwa barazani na simu zimetiwa kwenye kapu la ukili juu ya kabati. Sisi wa Mtopanga tulivuka na mabakuli yetu ya kaimati tukiwa tumeyapakata. Mtu akimwuliza kwa nini tusiende ufukweni kama wenzetu, alijibu, "Pwani haihami. Nyinyi ndio mwahama."

Kisha alisindika mlango. Hakuukomea. Aliweka kigoda chake mbele ya mlango, akakaa, na ilitosha.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye vidole virefu vya mtu aliyeshona nguo tangu ujana. Alishona madera na sare za shule pale pale ukumbini, na sikukuu ikikaribia cherehani ilisukumwa pembeni ikafunikwa shuka. Miaka yote niliyomjua aliishi karibu na kivuko, wala hakukipenda hata siku moja. Akilazimika kuvuka, alifumba macho tangu feri inang'oa mpaka inagota ng'ambo, huku amemshika mkono mtu yeyote aliye karibu naye, amjue asimjue. Siku moja alimshika askari wa polisi. Yule askari alisimama wima njia nzima kama aliyekamatwa yeye. Nadhani hiyo ndiyo sababu ya kweli ya sikukuu pili kuwa kwake: hakutaka kutufuata, basi tulimfuata.

Ndani kila kundi lilikuwa na pembe yake. Vijana walipiga keram, wakipaka ubao poda mpaka wakafanana na waliotoka kukanda unga. Wanaume wazima walikuwa na dhumna, na kila kete waliipiga mezani kwa kishindo. Katikati ya ukumbi, juu ya mkeka mkubwa, palikuwa na karata, na karata zilikuwa za Shangazi. Mchezo wake ulikuwa ule wa watu wanne, wawili kwa wawili, mtu na mwenzake wakiketi mkabala. Mwenzake alikuwa mwanawe wa pekee, binamu yangu Athumani. Tangu Athumani yuko shule ya msingi walicheza pamoja, na sijui mtu aliyewafunga akalala na raha, kwa maana walimdai marudio mpaka akubali.

Alikuwa mcha Mungu, na alizipenda karata. Mambo hayo mawili hayakumsumbua yeye, yaliwasumbua wengine. Jirani mmoja, mke wa ustadhi, alimwambia mbele yetu, "Dada, karata si mchezo wa watu kama sisi." Shangazi akamjibu kwa upole, "Humu hapana kamari wala hapana sala iliyopitwa. Karibu uketi, mtu mmoja amepungua." Mama yule hakuketi, ila aliendelea kuja kila sikukuu kutuonya, na kila alipokuja alikaa muda mrefu kidogo kuliko mara iliyotangulia.

Adhana ikilia, hata kama mkono ulikuwa mtamu vipi, Shangazi alizifudikiza karata zake, akazifunika kwa leso, nasi tukafanya hivyo hivyo. Watu wakasali, wakarudi. Mwaka mmoja Baba, ambaye ni mdogo wake, alirudi mapema akainua pembe ya leso. Shangazi alipokaa tu alisema, "Mkono huu ufutwe."

"Kwa nini, Dada?"

"Umesali mbio mno."

Baba alicheka mpaka akakohoa, na mkono ukafutwa.

Na yeye mwenyewe? Yeye alikuwa mwizi mkubwa. Mchezo ule haukatazi kukonyezana, mradi usionekane, na Shangazi alikuwa na ishara za pua, za sikio, za kuvuta mtandio, za kuagiza maji. Akikamatwa, alisema, "Mimi? Nalikuwa najikuna." Tukimwambia aape, alikataa. Katika mambo mengine neno "wallahi" lilikuwa mdomoni mwake kutwa, lakini hakulitia kwenye uongo hata ule wa mchezo. Basi ilikuwa rahisi kumjua: akisema "wallahi sina turufu", hana, akisema "turufu nitoe wapi miye?", jitayarishe.

Jambo jingine lililowaudhi wengine ni kwamba hakumwachia mtu ushindi, hata mtoto. Binti yangu alipokuwa mdogo alishindwa mara nyingi siku moja mpaka akaangua kilio. Nikamnong'oneza Shangazi amwachie mkono mmoja tu. Akaniangalia kama nimemwomba aibe. "Ushindi wa kupewa ni sadaka," alisema, "na huyu si maskini." Akamgeukia mtoto, akamfuta kamasi kwa ncha ya leso yake. "Lia, mama. Maliza kulia, kisha uzichange karata." Binti yangu alilia, akamaliza, akazichanga. Hakushinda siku ile. Aliposhinda, miaka miwili baadaye, Shangazi aliinuka akatoka barazani akawatangazia wapita njia.

Alikuwa na msemo wake kwa wavulana: "Asiyejua kushindwa karata humpiga mkewe." Aliusema kwa sauti, na akiusema alimtazama mtu. Kuna shemeji mmoja alitazamwa hivyo mpaka akaacha kuja.

Nimesema mwenzake alikuwa Athumani. Sasa niseme kilichotokea.

Athumani alipata kazi kwenye maghala ya upande wa Changamwe, akahamia Mikindani, na huko akampenda msichana wa Kitui aitwaye Mwende, mwuguzi. Wakafunga ndoa bomani, kimya kimya, kila mmoja na dini yake. Alikuwa na nia ya kumwambia mamake, hilo nalijua kwa sababu aliniambia mimi, lakini kila Ijumaa aliiahirisha mpaka Ijumaa nyingine. Habari ikafika Likoni kwa mdomo wa muuza samaki. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni anachagua changu, yule kijana akamwambia, "Hongera mama, nasikia umepata mkwe."

Alinunua samaki, akawapara, akawapika. Ndipo akampigia Baba simu. Watu walidhani amechukia kwa kuwa msichana ni wa bara, au kwa kuwa ni Mkristo. Baba alipomgusia hilo alimkatiza. "Mkamba si mtu? Nimeshonea Wakamba tangu hujaota ndevu. Mimi nimeambiwa na muuza samaki. Mwanangu mmoja, na nimeambiwa na muuza samaki."

Sikukuu iliyofuata Athumani alikuja na mkewe. Mwende aliingia kajifunga leso mpya, akapiga magoti kidogo, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mgeni wetu," alisema Shangazi.

Akamkalisha kwenye kiti cha pekee chenye mto. Akamletea sharubati kwenye bilauri ya kabatini. Wakati wa chakula, sote tulikula sinia moja moja kwa makundi, lakini Mwende aliandaliwa sahani yake peke yake, na kipande kizuri cha samaki wa kupaka. Alipoinuka kukusanya vyombo, Shangazi alimshika mkono. "La, la. Mgeni haoshi vyombo." Mtu asiyejua angesema msichana amepokelewa kama malkia. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Shangazi hakumpa jembe. Kila sikukuu alimpa kiti, mto na sharubati, na kila sikukuu alimwita mgeni wetu.

Siku ile ya kwanza, baada ya kula, Athumani alikaa mahali pake mkekani, mkabala na mamake, kama zamani. Shangazi alizikusanya karata, akazipanga zikawa kitu kimoja, akamkabidhi Baba. "Chezeni nyinyi. Macho yangu yamechoka." Tulitazamana. Asubuhi ya siku ile ile nilimwona akitia uzi kwenye sindano bila miwani. Akarudi kwenye kigoda chake pale mlangoni, akashika tasbihi, na hakucheza siku ile, wala sikukuu iliyofuata, wala iliyofuata hiyo.

Hakuna aliyemwambia neno. Athumani alikuwa na kiburi cha mamake. Naye mamake alikuwa nacho cha kwake na cha ziada. Tulicheza, tukacheka kwa kujilazimisha, na kila mmoja wetu alijua nyuma yetu ameketi mtu anayejua karata iliyotupwa vibaya ni ipi, na hasemi.

Kisha ikaja Idi moja iliyoangukia masika makali. Mvua ilipiga mabati tangu asubuhi, uwanja ukawa ziwa, umeme ukakatika, na watoto wakachoka na kila mchezo. Mwende alikuwa amewaletea zawadi: boksi la picha iliyokatwa vipande vidogo vidogo, ile ambayo watoto huita pazo. Akaimwaga mkekani karibu na mlango, kwenye mwanga, yaani miguuni pa Shangazi.

Shangazi aliangalia lile rundo. Aliangalia na picha iliyo juu ya boksi: kinu cha upepo, mto, bustani ya maua mekundu, na anga kubwa.

"Kwani picha hii ilikuwa nzima?" aliuliza.

"Ndiyo, mama," alisema Mwende.

"Wakaikata makusudi?"

"Wakaikata."

"Na mtu na akili zake ametoa pesa ili aitafute tena." Akatikisa kichwa, akarudia tasbihi yake.

Watoto walianza kwa pupa. Shangazi alitazama juu ya vichwa vyao. Baada ya kitambo alinyoosha kidole cha mguu, akasukuma kipande kimoja kikaenda kwa binti yangu. "Hicho chekundu. Kitie hapo." Kikaingia. Akasukuma kingine. Kisha akashuka kigodani, polepole, kwa kusaga meno, kwa maana magoti yalikuwa yakimsumbua, akakaa chini mbele ya Mwende.

Alikuwa fundi mbaya wa mchezo ule, na hilo lilitushangaza. Alikuwa na haraka. Akiona rangi zinalingana alikipachika kipande kwa nguvu, na kikikataa alikigonga kwa ngumi. "Ingia!" Kimoja cha anga alikigonga mpaka kikaingia nusu, kimepinda. Mwende akasema kwa sauti ndogo, "Hapo si mahali pake, mama."

Keram ilisimama. Humo ndani hapakuwa na mtu aliyewahi kumwambia Shangazi kwamba amekosea, isipokuwa Baba, naye kwa mzaha.

"Una hakika?" aliuliza Shangazi.

"Nina hakika."

Wakatazamana. Mwende hakuinamisha macho. Shangazi akakikwangua kile kipande kwa ukucha, akamtupia. "Basi nitafutie chake."

Mwende akamtafutia. Wakaendelea. Watoto walichoka wakaondoka mmoja mmoja, wao wawili wakabaki, vichwa vyao vikisogeleana juu ya ile picha. Mvua haikupungua. Nilisikia Shangazi akinung'unika, kisha nikasikia sauti yake halisi, ile ya kutuamrisha sisi: "Hebu jisogeze huko, umenikalia anga."

Mwende akajisogeza. Shangazi, bila kuinua macho, akaongeza, "Na inuka kanitazamie wali. Usije ukaungua, umekaa tu hapa."

Mwende aliinuka akaenda jikoni. Alikawia. Nikamfuata, nikamkuta amesimama na kifuniko cha sufuria mkononi, machozi yanamtiririka.

"Wifi, amekuudhi?" nikamwuliza.

"Hapana," akasema. "Ameniambia nitazame wali."

Tulicheka pale jikoni huku tumeshikana, na wali kwa kweli ukashika chini kidogo. Shangazi alipouonja alisema, "Nani aliyeachiwa wali huu?" Mwende akajibu, "Mimi, mama." "Nilijua," alisema, na akala wote.

Mtu angetaraji kuwa siku ile ile mambo yote yalikwisha. Hayakwisha. Shangazi hakuwa mtu wa kusema samahani. Sikumbuki kumsikia akisema neno hilo kwa yeyote, si kwa mtoto, si kwa mteja ambaye dera lake aliliharibu. Akikukosea, kesho yake hukuletea mkate wa sinia, na ukiuliza wa nini, husema ulizidi. Kwa Athumani mkate ulikuwa haujapelekwa.

Mwaka uliofuata, mvua ikinyesha tena, baada ya chakula tulikuwa kwenye vitendawili. Hiki kilikuwa kipindi cha watoto, na Shangazi ndiye aliyetega. Alitunga vyake mwenyewe. "Nina mnyama, humeza watu na magari, huwatapika ng'ambo wakiwa hai." Watoto wakapiga kelele, "Feri!" Ndipo akatega kimoja kilichotushinda sote, wakubwa kwa wadogo: "Kitendawili!"

"Tega!"

"Akiwa kazini hulala, akipumzika husimama."

Tulitaja popo, tukataja mlinzi, Baba akamtaja diwani wetu. Shangazi alitikisa kichwa kwa kila jibu, amefurahi kupita kiasi. "Mmeshindwa. Nipeni mji."

Ndiyo kanuni: ukishindwa, humpa mtegaji mji, naye husimulia safari yake huko kabla hajafichua jawabu. Watoto wakampa Lamu, wakampa Dubai, wakampa Nairobi. Yote aliikataa. "Lamu nimeshakwenda. Dubai nimeshakwenda. Nairobi kuna baridi."

"Nakupa Kitui," alisema Mwende.

Alikuwa ameketi karibu na dirisha, mtoto wake mchanga begani. Shangazi alimtazama. Aliweka sawa mtandio wake.

"Nimeupokea," alisema. "Nilikwenda Kitui. Nilipanda gari, nikalala, nikaamka, kumbe bado. Nikafika jua kali. Nikamkuta mama mmoja mlangoni kwake, simjui, hanijui. Nikabisha hodi. Akaniuliza, wewe ni nani? Nikamwambia, mimi ni mtu wa Likoni. Binti yako yuko kwangu mwaka wa nne huu, na sijaja hata siku moja kukusalimu. Mwanangu alinificha jambo moja, nami nikalifanya kubwa, likanizibia mlango, nikashindwa kutoka. Nimekuja uniwie radhi. Na yule mama alikuwa mwema. Akanikaribisha, nikakaa."

Athumani alikuwa ameinama, anajikuna paji la uso, hatukuuona uso wake. Mwende alimlaza mtoto kwenye mto, akaja akapiga magoti mbele ya Shangazi.

"Na jawabu," alisema Shangazi, "ni mkeka mliokalia, wajinga nyinyi. Athumani!"

"Labeka, mama."

"Zilete karata. Uje uketi hapa mbele yangu. Na leo ukinitupia karata yako ya ree ovyo kama ulivyokuwa ukiitupa ulipocheza na mjomba wako, nitakutoa nje na mvua hii."

Walicheza mpaka magharibi. Walimfunga Baba vibaya sana. Shangazi alijikuna pua mpaka ikawa nyekundu.

Mwezi mmoja hivi baadaye alifunga safari kweli. Alivuka kivuko kafumba macho, kamshika Mwende mkono, wakapanda basi la bara. Alikaa Kitui wiki nzima, akarudi na gunia zima la mbaazi na habari za mkwe mwenzake, ambaye, alisema, ni mwanamke wa maana sana ila hajui kuchanga karata. "Nimemwonyesha," alisema.

Nimemwona katika sikukuu nyingine baada ya hapo, na ningeweza kusimulia kila moja. Lakini nitasimulia ile ya mwaka jana.

Kiharusi kilimpata kabla ya Ramadhani. Kilimchukua mkono wa kulia na sehemu ya mdomo, maneno yakawa yanamtoka mazito, moja moja. Mwende aliomba likizo, akahamia Likoni kumwuguza. Alimgeuza, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko. Daktari alisema apumzike, asisumbuliwe. Kwa hiyo sikukuu pili tulikuja, kwa kuwa hatukujua kutokuja, lakini tulikuja kama watu wa matanga. Tulivua viatu taratibu. Keram haikufunguliwa. Watoto walikalishwa kwa kukodolewa macho. Tulikaa ukumbini mchana kweupe, tukinong'ona, huku mlango wa chumba chake uko wazi nusu.

Mwende alitoka chumbani, ameziba mdomo kwa kitambaa. Nikaogopa. Kumbe anazuia kicheko.

"Anauliza," alisema, "mbona kimya? Kwani amekufa?"

Baba ndiye aliyeinuka wa kwanza. Aliubeba mkeka mwenyewe, mzee yule, akauingiza chumbani, akautandika kando ya kitanda. Tukamfuata na ubao, na kete, na watoto. Chumba kilikuwa kidogo. Wengine walicheza wamekaa mlangoni, wengine chini ya dirisha. Shangazi aliegemezwa kwenye mito. Alitutazama mmoja mmoja, upande ule mzima wa uso wake ukitabasamu, na mkono wake wa kushoto ulipigapiga shuka: endeleeni.

Tulianza kwa aibu, tukazoea. Dhumna zikapigwa. Watoto wakagombana. Athumani na Mwende walicheza karata mkabala, dhidi yangu na Baba, na Mwende alinifunga kwa mzungu, karata ya picha niliyodhani imeshatoka. Nilipaza sauti kwamba nimeibiwa. Ndipo nikageuka, nikaona Shangazi amesinzia. Kichwa kimelalia bega, anakoroma kidogo, kifua kinapanda na kushuka kwa utulivu.

Mwende naye alimwona. Akaweka kidole mdomoni kuwaashiria watoto. "Tupunguze sauti," alinong'ona.

Athumani alikuwa anagawa. Hakuinua hata macho.

"Usithubutu," alisema. "Mkinyamaza tu, ataamka."

Baba akachukua kete ya dhumna iliyokuwa karibu naye, akaipiga kwa nguvu zake zote, na Shangazi akaendelea kulala.